Winga wa Kamanga asitemwe kwa kukosa karatasi

TIMU ya shule ikishapata tiketi ya michezo ya shule za sekondari Afrika Mashariki, FEASSSA, mechi yake ya kwanza inachezwa ofisini. Mwalimu wa michezo anaingia na faili la kaki. Ndani yake kuna picha ndogo za wachezaji, nakala za vyeti vya kuzaliwa, barua ya mkuu wa shule na barua za wazazi. Jina lolote lenye karatasi pungufu linawekwa pembeni. Dogo huyo anaweza kuwa ndiye aliyefunga mabao yote ya nusu fainali, lakini hapo dirishani mabao hayahesabiwi.

Mashabiki wa soka nchini wanajua kubishana kuhusu vikosi. Kwa nini huyu kaanza, kwa nini yule anakula benchi, kwa nini kocha kamtoa winga dakika ya 60. Kuna uteuzi mmoja ambao haubishaniwi vijiweni kwa sababu hauonekani kwenye televisheni. Ni ule unaofanywa na karatasi kabla basi la wanafunzi halijaondoka. Umefika wakati nao ubishaniwe, maana unagusa vipaji vinavyosubiriwa na Simba, Yanga, Pamba Jiji na Taifa Stars.

Chukua mfano wa Kamanga, wilayani Sengerema. Kijiji kipo ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na jiji linaonekana upande wa pili wa maji. Maisha ya hapo ni kivuko, samaki, mashamba na biashara ndogo ndogo. Mtoto wa Kamanga anayetaka kwenda mjini kutazama mechi CCM Kirumba anahitaji nauli tu. Analipa, anapanda kivuko, anashuka katikati ya jiji. Hakuna anayemuuliza babu yake alizaliwa wapi.

Sasa mchukulie dogo wa kidato cha tatu hapo Kamanga, winga wa kushoto mwenye mbio. Ni mfano tu, lakini mwalimu yeyote wa michezo Kanda ya Ziwa anamjua mtu wa aina hiyo. Dogo anaonekana kwenye mechi za shule, anapanda ngazi ya kata, anachukuliwa wilaya, anaitwa timu ya mkoa ya UMISSETA. Mwaka 2025 UMISSETA ilifanyika Iringa. Kufika huko kutoka Mwanza unapita Shinyanga, Singida na Dodoma, safari ya kuchosha kwelikweli. Kwa safari yote hiyo alihitaji ruhusa ya shule na ya mzazi, basi.

Mwaka huohuo, FEASSSA ilikuwa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Kwa basi kutoka Mwanza, Kakamega ni karibu kuliko Iringa. Unapita Magu, Lamadi, Bunda na Tarime, unavuka mpaka pale Sirari, kisha Kisii na Kisumu, umefika. Lakini safari hiyo fupi ndiyo yenye maswali. Cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Cha baba je? Cha mama? Kitambulisho cha NIDA cha mzazi? Mzazi mwenyewe yuko wapi aje asaini? Winga aliyefika Iringa bila shida anaweza kukwama kwa Kakamega.

Kanuni zenyewe ni hizi. Mtanzania anayevuka mpaka kwenda nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 31, 2018, ada yake ni Sh150,000. Hati ya dharura ni Sh20,000. Kikosi cha wachezaji 18 kikitaka pasipoti, hiyo ni Sh2.7 milioni kabla hujaweka mafuta kwenye basi wala kununua mchele. Kikitaka hati za dharura, ni Sh360,000. Tofauti ni kubwa, na ndiyo maana shule nyingi za kawaida zinakimbilia hati ya dharura.

Kwa hiyo hela peke yake si kikwazo kikubwa. Sh20,000 zinaweza kuchangwa na wazazi, diwani, mbunge au mfadhili wa jezi. Ugumu uko kwenye kuthibitisha kwamba mtoto ni nani. Hati ya bei rahisi nayo inataka ushahidi wa kuzaliwa na wa uraia, na hapo ndipo watoto wa mialoni na vijijini wanapopigwa chenga.

Ukitaka kuelewa kwa nini, angalia umri wao. Mpango wa serikali wa kusajili na kuwapa vyeti watoto wa chini ya miaka mitano karibu na wanakoishi ulianzia Mbeya mwaka 2013, kisha ukasogea mikoa mingine. Vijana walio kidato cha tatu na cha nne leo wengi walikuwa wameshazaliwa kabla mpango huo haujaanza. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kuwa ni asilimia 14 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Watoto waliokuwa na miaka minne wakati ule ndio kizazi kinachocheza UMISSETA sasa. Kama hawakufuatilia vyeti baadaye, wamefika sekondari na kadi ya kliniki tu, au bila hata hiyo.

Kitambulisho cha Taifa nacho hakijawafikia, kwa sababu kwa miaka yote NIDA imekuwa ikiandikisha wenye miaka 18 na kuendelea. Mchezaji wa miaka 16 yuko katikati. Amepitwa na mpango wa watoto wachanga, na hajaufikia wa watu wazima. Anachokuwa nacho ni jina kwenye rejista ya darasa na namba ya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu anamjua, mtendaji wa kijiji anamjua, kijiji kizima kinamshangilia Jumapili. Dirishani hajulikani.

Halafu kuna suala la muda. UMISSETA huchezwa Juni, FEASSSA huchezwa Agosti. Ndani ya wiki hizo chache familia inatakiwa kufuatilia cheti wilayani, kutafuta vyeti vya wazazi, kula kiapo pale vinapokosekana, kisha kuvuka maji kwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa jijini Mwanza. Mzazi wa Kamanga akiambiwa "rudi Jumatano" analipa nauli ya kivuko mara mbili na kupoteza siku ya kazi. Baba akiwa kambi ya uvuvi kisiwani Ukerewe au dahari ya Ukara, kazi ipo. Mtoto anayelelewa na bibi, ngoma inakuwa nzito zaidi.

Matokeo yake yanafahamika. Shule zenye akademi, zenye ofisi na mtu wa kufuatilia makaratasi, zinafika na kikosi kamili. Shule ya kata inafika na waliobaki. Katika mashindano ambayo wababe kama St Mary's Kitende ya Uganda wanakuja wamejipanga mpaka kwenye viatu vya akiba, Mtanzania anaingia akiwa ameshafungwa bao moja nyumbani.

Majirani walishalitafutia dawa jambo hili. Tangu Januari 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke mipaka ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho vya taifa, na wanafunzi kwa vitambulisho vya shule. Ina maana mwanafunzi wa Kisumu anaweza kwenda kucheza Mbale na kadi ya shule mfukoni. Michezo ya 2024 ilipofanyika Bukedea na Mbale, Uganda, na ile ya 2023 ilipofanyika Huye, Rwanda, mpango huo ulikuwepo kwa wenzetu. Tanzania haikuingia kwenye makubaliano yale, kwa hiyo watoto wake waliendelea kudaiwa pasipoti au hati ya dharura. Na Arusha ilipokuwa mwenyeji mwaka 2019 na 2022, watoto wa majirani nao hawakuweza kuja na kadi za shule peke yake.

Msimamo wa Tanzania una sababu zake, na haufai kubezwa. Nchi inapakana na mataifa manane, imepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na mwaka 2014 vitambulisho vya taifa vilikuwa bado havijawafikia wananchi wengi. Ofisa wa Uhamiaji wa Sirari au Mutukula anajua kwamba kadi ya shule inaweza kuchapishwa stesheni yoyote kwa Sh2,000. Akimpitisha mtoto kwa kadi ya namna hiyo na mtoto asirudi, ataulizwa yeye.

Hofu ya pili ni ya mpira wenyewe. Soka la vijana Afrika limejaa vijeba. Watanzania wanakumbuka safari ya Serengeti Boys kwenda AFCON ya vijana wa chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017. Walikuwa wameshatolewa na Kongo-Brazzaville. TFF ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo, CAF ikataka apimwe kwa kipimo cha MRI, na Kongo ilipoondolewa kwa kushindwa kumpeleka kwenye kipimo, Tanzania ikachukua nafasi. Taifa lililofaidika na ukali wa nyaraka haliwezi kugeuka na kusema nyaraka hazina maana. Kwenye UMISSETA kwenyewe kelele za mamluki, yaani wachezaji wasiokuwa wanafunzi wa shule husika, zinasikika kila msimu.

Hofu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: watoto wanaoibwa kwa jina la mpira. Mtu anafika kijijini, anajiita wakala, anaahidi majaribio nje ya nchi, anaomba hela ya pasipoti, anaondoka na mtoto. FIFA ilizuia uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, kwa sababu ya mambo kama hayo. Mpaka unaovukwa kirahisi na timu ya kweli unaweza kuvukwa kirahisi na timu ya uongo.

Basi swali la kujiuliza ni kama kuna namna ya kumvusha winga wa Kamanga bila kumfungulia mlango kijeba wala mwizi wa watoto. Ipo, na dunia imeitumia kwa zaidi ya miaka 60. Inaitwa hati ya kundi.

Desemba 1961, nchi za Baraza la Ulaya zilitia saini mjini Paris mkataba wa safari za vijana kwa pasipoti ya pamoja. Kundi la vijana kuanzia watano hadi 50 linasafiri kwa hati moja yenye majina yao, likiongozwa na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi mwenye pasipoti yake halali. Kundi linaingia pamoja, linakaa pamoja, linatoka pamoja. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka 16 tu kabla ya hapo, na mataifa yaliyokuwa yanapigana ndiyo yaliyokubaliana kuruhusu watoto kutembeleana.

Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya ukaongeza hatua nyingine. Shule nyingi za huko zina watoto wa wahamiaji ambao si raia wa nchi wanamoishi. Darasa likienda ziara nchi jirani, watoto hao walikuwa wanaachwa nyuma kwa sababu ya viza. Ikaamuliwa kuwa mwanafunzi wa aina hiyo akiwa kwenye msafara wa shule, akiongozana na mwalimu, na jina lake likiwa kwenye orodha ya shule inayoeleza safari inakwenda wapi na kwa ajili gani, hatadaiwa viza. Orodha ikiwa na picha na ikathibitishwa na mamlaka ya nchi, inaweza hata kutumika kama hati ya kusafiria.

Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya ikaacha kupokea vitambulisho vya taifa kuanzia Oktoba 2021, na ziara za shule za Ufaransa zikapata pigo. Suluhisho likawa lilelile. Tangu Desemba 28, 2023, wanafunzi wa shule za Ufaransa wa miaka 18 au chini yake, wakiwa kundi la kuanzia watano, wanaweza kuingia Uingereza kwa fomu maalumu ya msafara wa shule. Wenye uraia wa Ulaya wanaonyesha vitambulisho tu, na wale ambao kwa kawaida wangehitaji viza wanasamehewa. Hii ni Uingereza, nchi iliyojitoa kwa sababu, pamoja na mengine, ilitaka kubana mipaka. Kwa watoto wa shule imeona vema kulegeza kamba.

Afrika Mashariki haijakosa msingi wa kufanya hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kufanya kazi Julai 1, 2010, ikiahidi watu kutembea kwa uhuru ndani ya Jumuiya. Vituo vya pamoja vya mpakani vipo Mutukula, Rusumo, Namanga na Holili. Maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Kinachokosekana ni karatasi moja ambayo wote wawili wanaitambua kwa ajili ya kundi la wanafunzi.

Karatasi hiyo si ngumu kuibuni. Iwe na majina ya wachezaji wote, picha zao, tarehe za kuzaliwa, shule, kidato na namba ya mtihani wa taifa. Iwe na jina la mwalimu kiongozi mwenye pasipoti, na mwalimu wa kike awepo kila timu inapokuwa ya wasichana. Iambatane na ridhaa za wazazi na mwaliko wa mashindano. Ionyeshe tarehe ya kuondoka, kituo cha mpakani na tarehe ya kurudi. Isainiwe na mkuu wa shule na ofisa elimu, kisha igongwe muhuri na Uhamiaji wa mkoa. Kwa asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa, rekodi za shule tangu darasa la kwanza, pamoja na uthibitisho wa serikali ya kijiji, zitoshe kwa safari hiyo moja tu. Isimpe uraia, isimpe ruhusa ya kwenda kwingine, na ife siku kundi linaporudi.

Hapo ndipo faida yake kwa usalama inapoonekana. Leo mtoto mwenye hati yake binafsi ya dharura anaweza kuvuka na timu, kisha akabaki huko na "mjomba" aliyemkuta uwanjani, na mpakani asiwepo wa kugundua haraka, kwa sababu kila hati inasimama peke yake. Kwa hati ya kundi, ofisa wa Sirari anahesabu vichwa: walitoka 18 na walimu watatu, wamerudi 18 na walimu watatu. Wakipungua, mwalimu kiongozi habanduki pale mpaka aeleze. Wakala wa uongo hana mkuu wa shule wa kumsainia, hana ofisa elimu, hana mwaliko wa FEASSSA. Orodha inamfunga mtoto na watu wanaomjua.

Kwa vijeba vivyo hivyo. Kama orodha ya mpakani ndiyo itakuwa orodha ya usajili wa mashindano, mtu hawezi kuwa na miaka 19 Sirari na miaka 17 uwanjani. Namba ya mtihani wa darasa la saba inaeleza alimaliza lini na wapi. Mamluki aliyeazimwa kutoka timu ya mtaani hana namba hiyo shuleni hapo. Atakayetaka kudanganya itabidi awashawishi mkuu wa shule, ofisa elimu, mtendaji wa kijiji na Uhamiaji kwa pamoja, na kila mmoja ameacha saini yake. Kudanganya kutakuwepo, maana binadamu ni binadamu, lakini patakuwa na watu wa kuwajibishwa kwa majina.

Jambo zuri zaidi kwa Tanzania ni kwamba hati ya kundi haiilazimishi nchi kubadili msimamo wake kuhusu vitambulisho. Mtu mzima ataendelea kudaiwa pasipoti au hati ya dharura. Kinachobadilika ni kwa watoto wa shule, wakiwa na mwalimu, kwa siku zinazojulikana. Ni njia ya katikati ambayo Dodoma inaweza kuipeleka Arusha yalipo makao makuu ya Jumuiya bila kujisikia imeshindwa hoja.

Na wakati unaruhusu. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa CHAN kwa pamoja. AFCON 2027 nayo ni ya nchi hizohizo tatu. Serikali zimekaa meza moja kupanga viwanja, ulinzi, hoteli na namna mashabiki na timu zitakavyovuka mipaka. Maofisa walewale wanaweza kuongeza ajenda moja ndogo mezani, ya watoto wa FEASSSA. Itakuwa ajabu kama shabiki wa kutoka mbali atapita Namanga kwa raha kwenda kutazama AFCON, halafu mtoto wa Sengerema akwame Sirari akienda kucheza.

Hata hivyo, kusubiri mawaziri wakubaliane si mkakati wa timu. Msimu ujao uko karibu, na kuna mambo ambayo hayahitaji mkataba wowote.

La kwanza ni kuanza mapema. Mwalimu wa michezo asisubiri filimbi ya mwisho ya UMISSETA ndipo aulize nani ana cheti. Aulize Januari, wanafunzi wanaporudi likizo, na kwa kila anayetajwa timu ya shule. Cheti cha kuzaliwa kitamfaa mtoto hata kama hatacheza nje: atakitaka kwenye mkopo wa chuo, ajira na NIDA.

La pili, ofisi za wilaya zivuke kwenda kwa watu. RITA na Uhamiaji wakikaa siku moja tu kwenye uwanja wa mashindano ya wilaya, watawakuta pamoja wachezaji, walimu na wazazi waliokuja kutazama. Familia 30 za Sengerema zikihudumiwa uwanjani, zimeokoa safari 30 za kwenda mjini, au zaidi ukihesabu zile za "rudi Jumatano".

La tatu linawahusu wenye soka. TFF na vyama vya mikoa vinafaidika na vipaji vya shule bila kuvilipia. Klabu zinazokusanya mapato Kirumba zinaweza kulipia hati za timu ya mkoa. Sh360,000 kwa kikosi kizima ni hela ndogo kuliko posho ya mechi moja ya mchezaji wa kigeni anayekaa jukwaani.

Kuna watakaosema haya yote ni kelele kwa ajili ya mechi za watoto. Wakumbushwe Durban, Aprili 2023. Wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walikwenda Afrika Kusini wakarudi na ubingwa wa Afrika wa soka la shule, na zawadi ya dola 300,000 za Marekani kwa shule yao. Walikuwa na karatasi zao, wakapanda ndege, wakacheza, wakashinda. Hakuna anayejua ni Durban ngapi zimepotea kwa sababu beki wa kati au kipa alibaki kijijini akisubiri cheti cha mama.

Mtoto anayeachwa kwa sababu kiwango chake ni kidogo ataumia, lakini atajua cha kufanya: arudi mazoezini. Anayeachwa kwa sababu ya karatasi hana zoezi la kufanya. Anachojifunza ni kwamba mbio, mguu wa kushoto na miaka mitatu ya kuamka alfajiri havikutosha, kwa sababu alizaliwa nyumbani, ng'ambo ya maji, mwaka ambao mwandikishaji hakupita. Wengine wanaacha mpira hapohapo na kwenda ziwani.

Kivuko cha Kamanga hakijawahi kumuuliza mtu cheti cha baba yake, na watu wanavuka, wanafanya shughuli zao, wanarudi jioni. Mpaka wa nchi hauwezi kuwa mwepesi hivyo, na hakuna anayetaka uwe hivyo. Kinachoombwa ni karatasi moja yenye majina 18, picha 18, saini za watu wanaojulikana na tarehe ya kurudi. Kocha apange kikosi, Uhamiaji ihesabu vichwa.